Mayai ni ya Kuuza

Jumanne jioni mtoto wa jirani yangu alianguka mbele ya geti langu. Yuko darasa la tatu, mwembamba, mpole. Alikuwa anapeleka dukani mayai 8 ya kuku wa kienyeji, kayapanga ndani ya ndoo ndogo ya rangi iliyojaa maranda. Goti lilichubuka mpaka likatoa damu, wala hakulitazama. Alichuchumaa palepale akafukua maranda kwa vidole, akitoa yai moja moja na kuligeuza kwenye mwanga. Mawili yalikuwa na ufa.

"Shikamoo mama," akaniamkia. Kisha kwa sauti ya chini: "Nitapigwa."

Nikamwambia tuyakaange yale mawili ayale, na mimi nitampa mawili ya kwangu yafike dukani badala yake. Akatikisa kichwa. "Haya ni ya kuuza." Nikamuuliza, kwani kwenu mayai mnakula lini? Akafikiri kidogo. "Sikukuu tunachinja jogoo," akanijibu.

Hatimaye alikubali. Alikula nusu, halafu akaomba karatasi amfungie mdogo wake ile nusu nyingine.

Toka siku hiyo sina raha. Wala simlaumu mama yake, maana namfahamu. Huamka kabla yangu, akafagia banda, akasafisha chombo cha maji, akawatupia kuku pumba na majani ya mchicha. Kideri kilipopita mtaani kwetu mwaka jana na kuacha mabanda matupu, yeye hakupoteza hata kifaranga, kwa sababu haruki chanjo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Sare za shule za watoto wake zimetoka kwenye banda lile. Kwa hiyo najua kuna msomaji anayeniambia sasa hivi: wewe una mshahara, mwache mwenzio atafute unga. Namsikia. Mtaani kwetu yai la kienyeji ni shilingi 500. Mayai 8 ni 4,000, na hiyo ni unga na mafuta ya siku mbili. Sina ubishi na hesabu hiyo.

Ubishi wangu uko kwingine. Jumatano nilikwenda kwake, tukakaa mkekani. Ana mimba ya miezi 7. Nikamuuliza kama walau yeye anakula yai mojamoja. Akashtuka. "Dada, mtoto azaliwe hana nywele?" Aliambiwa na bibi yake. Nami niliambiwa na bibi yangu, nikatii mimba yangu yote ya kwanza, nikawa nakusanya mayai kila asubuhi na kuyapita. Leo naona uchungu nikikumbuka. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, lina vitamini A, lina madini, na mwili unaojenga mwili mwingine ndio unaoyahitaji zaidi. Mtoto anazaliwa na kipara au na nywele kwa namna alivyorithi, si kwa kifungua kinywa cha mama yake.

Mjamzito asile yai. Firigisi ni ya baba. Mayai ni ya kuuza, na yakibaki ni ya mgeni. Ukiifuata miiko hii yote inafika mahali pamoja: anayemlisha kuku ndiye asiyekula.

Na si umaskini peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto wake, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi! Mahindi yanatoka huko, viazi vinatoka huko, na ukipita vijijini utawakuta kuku wakiparua uani. Chakula kimepita mlangoni kikaenda barabarani. Pale dukani kwetu nimeona mara nyingi hela ya yai ikirudi nyumbani ikiwa chupa ya soda, na mzazi anaamini kabisa amempendelea mwanawe.

Kila anayefuga anajua kwamba ukikusanya mayai hukombi kiota. Unaacha moja, vinginevyo kuku anahama, anakwenda kutaga vichakani, na huko nguchiro anamsubiri. Kuku tunamwachia yai lake. Nilimwambia jirani yangu hivyo, kisha nikamwomba kitu kimoja: katika kila mayai 8, mawili yasifike kwenye ndoo. Mtoto mmoja leo, mwingine kesho, na yeye mwenyewe awe kwenye zamu. Wa kuchanja, wa kufagia na wa kubeba ndoo wale kwanza, ndipo duka lipate. Hakunijibu. Aliinuka kwenda kumwangalia koo wake aliyelalia, siku ya 19 hiyo, amebakiza mbili.

Ijumaa nilipita tena. Sufuria ilikuwa jikoni, na watoto walikuwa wamekaa kizingitini wakimenya mayai, maganda wakiyaweka kwenye kisahani ili yasagwe warudishiwe kuku. Mama yao alikuwa na lake mkononi, la moto bado, analihamisha kutoka kiganja kimoja kwenda kingine. Hajalimenya. Nikavuta kigoda nikakaa naye.