Mwenye Ng'ombe Alikwisha Kuonywa



Neno tulilolichagua mwezi huu husomwa mara chache kanisani. Limo katika Kutoka 21, tangu mstari wa 28 hata 36, nalo ni sheria ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Labda wengine huliruka upesi, wakidhani ni habari za wafugaji wa kale. Lakini sisi watu wa Bukoba na Muleba, tuliolelewa kati ya ng'ombe na migomba, twaweza kulifahamu kuliko wengi waliotuhubiri habari zake.

Musa atenga mambo mawili. Ng'ombe ambaye ukali wake haukujulikana akimwua mtu, ng'ombe hupigwa mawe, na mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ukali wake ulikwisha kuonekana, na watu wakamwendea mwenye ng'ombe wakamwambia, naye asimfunge, hapo hatia yampanda yeye mwenyewe. Tena sheria yawataja watoto waziwazi: awe mwana, awe binti, hukumu ni ile ile. Kisha, mistari miwili mitatu mbele, yaja habari ya mtu afukuaye shimo asilifunike.

Tazameni swali jinsi lilivyoulizwa. Torati haianzi kwa kuuliza mama wa mtoto alikuwa wapi. Yauliza: ni nani aliyejua? Ni nani aliyeonywa?

Sisi hatuulizi hivyo. Tarehe 28 Mei 2016, katika bustani ya wanyama ya mji wa Cincinnati, Marekani, mtoto wa miaka 3 alipenya kizuizi, akapita katika vichaka, akaanguka kama mita 4 na nusu hata ndani ya handaki lenye maji machache, mahali alipokaa gorila dume aliyeitwa Harambe. Gorila ni jamaa ya wale wakaao Bwindi na katika milima ya Rwanda na Kongo. Huyo alikuwa na uzito wa kilo 200 hivi. Akamshika mtoto, akamburuta majini, na kwa muda wa dakika kama 10 watu wakatazama wakilia. Walinzi waliona ya kuwa dawa ya usingizi ingekawia kumlaza, tena ingemtia hasira, basi wakampiga risasi. Mtoto akapona.

Mara watu wengi sana, hata wa nchi za mbali wasioijua bustani ile, wakamgeukia mama. Wakasema ni mzembe, wengine wakataka afungwe. Mama yule alikuwa na watoto wengine pamoja naye siku ile. Kila mwanamke aliyekwenda sokoni na watoto wanne ajua jinsi mtoto wa miaka 3 awezavyo kutoweka kwa muda wa kuhesabu fedha. Tarehe 6 Juni mwendesha mashtaka akasema hamshtaki. Siku iliyofuata mahali pale pakafunguliwa tena, nacho kizuizi kilikuwa kimebadilishwa: cha kwanza kilikuwa cha sentimeta 91 hivi, kipya cha sentimeta 107 hivi, tena kimezibwa kwa wavu ili mtoto asipate upenyo. Baadaye katika mwaka ule ule wakaguzi wa serikali wakasema ya kuwa kile cha kwanza hakikutosha.

Hatusemi mama hana wajibu. Mama anao, na baba pia, ingawa twaona katika misiba kama hii baba hatajwi kabisa! Lakini wajibu hupimwa kwa ujuzi. Aliyemfuga mnyama, akaijua nguvu yake, akawaita watu waje na watoto wao wamtazame, huyo amekwisha kuonywa. Kizuizi hakijengwi kwa ajili ya mtoto mtulivu aliyeshikwa mkono. Chajengwa kwa ajili ya yule aliyeponyoka. Ndiyo maana ya Kumbukumbu la Torati 22:8, mwenye nyumba aamriwapo kuzungushia dari yake ukuta mdogo, mtu asianguke. Mungu hakungoja mtu aanguke kwanza ndipo aamuru ukuta.

Basi waalimu wa shule wawavushao watoto wetu ziwa kwenda Mwanza, kukitazama kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama ya kwanza katika nchi yetu tangu mwaka 1964, na tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa, na wayafikiri hayo kabla ya safari, wawahesabu watoto mara nyingi, tena wachukue watu wazima wa kutosha.

Lakini watoto wengi wa sharika zetu hawataiona bustani ya wanyama maisha yao yote. Wao huwaona wanyama pasipo uzio. Twawatuma ziwani kuteka maji, kuosha vyombo na kufua nguo. Tangu mialo ya Muleba hata visiwa vya Bumbire na Goziba, kando ya mto Ngono na mto Kagera, mtoto mwenye ndoo ashuka majini alfajiri na jioni. Mamba naye ana akili yake. Hukaa chini ya maji muda mrefu, akitoa macho na pua tu, naye hujifunza mahali ambapo viumbe hushukia kila siku kwa saa ile ile. Mtoto mwenye ndoo ana desturi, na mamba huisoma desturi hiyo kama sisi tusomavyo kalenda.

Upande wa kusini wa ziwa, katika Buchosa, wilaya ya Sengerema, miaka hii ya karibu vimejengwa vizimba vya nyavu za chuma vinavyoingia majini, watu wateke ndani yake, mamba abaki nje. Katika bustani ya wanyama mnyama hufungwa na mtu hutembea. Ziwani mtu ndiye aingiaye kizimbani. Si aibu. Afadhali mtoto ateke maji kizimbani kuliko kutozikwa kwa kukosekana mwili.

Mtu atasema: Torati yanena juu ya ng'ombe mwenye mwenyewe, lakini mamba ni wa nani? Sheria ya nchi yetu ya kuhifadhi wanyamapori, ya mwaka 2009, yajibu ya kuwa wanyama wa porini ni mali ya umma, nao wamewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa ajili ya wananchi. Basi mamba anaye mwenyewe. Kijiji kikipeleka habari kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ya kwamba mamba ameonekana mara tatu penye maji, mwenyewe amekwisha kuonywa, nasi twaweza kumdai kwa heshima na kwa maandishi. Lakini kijiji kisichopeleka habari hakijamwonya mtu. Tena kanuni za mwaka 2011 zawapa waliofiwa fedha iitwayo kifuta machozi. Waliotunga jina hilo walisema kweli: ni ya machozi tu, si bei ya mtoto.

Mwezi wa Mei 2018, katika hifadhi ya Queen Elizabeth huko Uganda, chui alimchukua mtoto mdogo wa mtumishi wa hifadhi. Nyumba za watumishi hazikuwa na uzio. Mtoto alimfuata mlezi wake nje, naye mlezi asijue kama anafuatwa. Aliposikia kilio akakimbia, lakini chui alikuwa amekwisha kuingia kichakani. Hapo hapakuwa mzembe. Mama alikuwa kazini, mlezi alikuwapo nyumbani. Kilichokosekana ni uzio, na chui walijulikana kuwapo.

Sasa twafika penye jambo zito, nalo latuhuzunisha kuliko mamba. Mtoto akichukuliwa, kabla matanga hayajaisha, twasikia ya kuwa mamba yule ni wa kutumwa. Watu huanza kutafuta aliyemtuma, nao humwona daima mahali pamoja: bibi kizee mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, asiye na mwana wa kumtetea. Katika nchi hizi za Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Wala si siri, hata baadhi ya wauaji walikuwa wamebatizwa. Ndugu, huku ni kuigeuza Torati. Palipohitajika kizimba, panatafutwa mchawi. Mti wa kizimba haukatwi, damu ya pili yamwagwa, na kesho yake mtoto mwingine ashuka majini pale pale, na mamba yule yule yupo.

Wengine ni wapole zaidi, husema ni adhabu kwa dhambi za wazazi. Kwa hao Bwana alikwisha kujibu katika Luka 13, alipotaja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana ya kuwa hao walikuwa wakosaji kupita wenyeji wengine wa Yerusalemu. Mwalimu wa usharika aendapo msibani, asiruhusu neno hilo kusemwa mbele ya mama aliyefiwa. Na wale wasemao ni mapenzi ya Mungu, twawauliza: mbona mbuzi zenu mwazifungia usiku?

Twageukia sasa mnyama aliye karibu kuliko wote. Ng'ombe wa Torati kwetu leo ni mbwa. Karibu watu wote wafao kwa kichaa cha mbwa duniani wameambukizwa na mbwa, na Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa kati ya watu 100 walioumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, huumwa usoni na kichwani. Tena hucheza na mbwa, na akiumwa huficha kwa kuogopa fimbo. Dalili zikiisha kuonekana, hakuna dawa. Lakini kabla yake iko: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku ile ile kwa chanjo. Msitie majani wala mafuta ya taa, wala msimpige mtoto kwa kusema kweli. Na mwenye mbwa aliyeacha siku ya chanjo ipite, kisha jirani akamwambia mbwa wake amekuwa mkali, akacheka, huyo na asome tena Kutoka 21:29 peke yake nyumbani.

Mwezi wa Desemba 2022, huko Katwe nchini Uganda, kiboko alitoka katika ziwa Edward, akamfikia mtoto wa miaka 2 akicheza karibu na kwao, akammeza nusu ya mwili. Mtu mmoja aliyekuwa karibu akaokota mawe akamtupia kiboko, mpaka akamtema mtoto, naye akapona. Walipomfikisha hospitali wakamchanja hata chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu yule hakuwa baba yake, wala hakuuliza kwanza ni mtoto wa nani.

Wazee wa sharika za kando ya ziwa, mwezi huu twawaomba mkapatazame mahali ambapo watoto wenu huteka maji. Mwendeni pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, awe Mkristo au Mwislamu, maana watoto huteka pamoja. Ulizeni miti ya kizimba yaweza kupatikana wapi, na fundi ni nani. Ila msiende adhuhuri, jua likiwa juu na maji yakimetameta. Nendeni alfajiri, saa ile watoto wenyewe waendayo.