Nani Aliyewafungulia Mlango?

Asubuhi ya tarehe 17 Aprili 1975, askari vijana waliovaa nguo nyeusi waliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Watu wengi walitoka barabarani kuwashangilia. Hawakuwa wakomunisti, walikuwa wamechoka na vita vya miaka mitano, nao walidhani kwamba amani imefika. Siku ile ile askari wale wakaanza kuwatoa watu wote mjini kwa mtutu wa bunduki: wazee, wajawazito, hata wagonjwa waliosukumwa juu ya vitanda vyao vya hospitali. Mji wenye watu zaidi ya milioni mbili, wengi wao wakimbizi wa vita, ukabaki mtupu katika muda wa siku chache.

Yaliyofuata yajulikana. Fedha, masoko, shule na ibada vilifutwa. Katika muda wa miaka mitatu na miezi minane walikufa watu wapatao milioni moja na nusu hadi milioni mbili, kwa njaa, kwa maradhi, kwa kazi za sulubu na kwa kuuawa, katika nchi iliyokuwa na watu karibu milioni nane tu. Lakini leo twataka kuuliza jambo lililotangulia hayo. Watu wale walipata wapi nguvu? Nani aliyewafungulia mlango?

Viongozi wao hawakuwa wajinga. Saloth Sar, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Pol Pot, alisoma utotoni katika shule ya Wakatoliki pale Phnom Penh, akapelekwa Paris mwaka 1949 kwa gharama ya serikali, na aliporudi akawa mwalimu. Mwenzake Khieu Samphan alipata udaktari wa elimu ya uchumi huko huko Paris. Hata hivyo, chama chao kiliposhika silaha mwaka 1968, kilikuwa kikundi kidogo cha watu wa msituni. Norodom Sihanouk, mtawala wa nchi, ndiye aliyewapa jina la Khmer Wekundu, naye aliwawinda bila huruma.

Basi tutazame jinsi mlango ulivyofunguliwa. Mwaka 1967 serikali ilituma askari kukusanya mpunga wa wakulima kwa bei ya chini. Wakulima wa Samlaut, upande wa magharibi, wakaasi. Nao walijibiwa kwa risasi, na vijiji vyao vikachomwa moto. Tarehe 18 Machi 1970 bunge lilimwondoa Sihanouk, na Jenerali Lon Nol akashika nchi. Sihanouk, akiwa Peking na mwenye uchungu, aliungana na maadui zake wa jana, akawaita watu waingie msituni. Wakulima wengi waliwafuata wakomunisti wakidhani kwamba wanamfuata mfalme wao wa zamani.

Tena yalikuja mabomu. Ndege za Marekani zilipiga nchi ile mpaka tarehe 15 Agosti 1973, na katika mwaka huo peke yake ziliangusha zaidi ya tani 250,000. Kijana aliyerudi shambani akaikuta nyumba yake shimo, na ndugu zake wamekufa, hakuhitaji kusoma vitabu vya Marx. Ilitosha mtu kumwonyesha bunduki na adui.

Na serikali iliyojiita ngome ya kuzuia ukomunisti ilifanya nini? Wakubwa wa jeshi walipokea mishahara ya askari wasiokuwako, majina matupu kwenye karatasi. Wengine waliuza silaha, zikawafikia hao hao waliokuwa wakipigana nao. Mwaka 1970 watu wa serikali hiyo waliua maelfu ya raia wenye asili ya Vietnam, na maiti zikaelea katika mto Mekong. Wakatoliki wa Kambodia wengi wao walikuwa wa asili hiyo. Basi yafaa tukumbuke kwamba waumini wale walianza kuuawa na kufukuzwa mikononi mwa wale waliosema kuwa wanapigana na wakomunisti.

Hapa msomaji aweza kuanguka katika kosa moja kati ya mawili. Kosa la kwanza ni kusema: mabomu na dhuluma ndivyo vilivyomwumba Pol Pot, kwa hiyo yeye hana hatia. Sivyo. Mafundisho ya chama chake alikuwa nayo kabla bomu la kwanza halijaanguka. Maelfu ya watu walipoteza nyumba na watoto kwa mabomu yale yale, wala hawakumwua jirani yao. Kueleza chanzo cha dhambi si kuifuta. Aliyeacha mlango wazi ana kosa lake, na mwizi aliyeingia akaua ana kosa lake. La mmoja halipunguzi la mwingine.

Kosa la pili ni kusema: wale walikuwa mashetani tu, nasi hatuna la kujifunza. Maneno haya yapendeza, maana yatuacha tukiwa safi. Lakini mashetani hawa walipikiwa wali na wakulima, na walipewa watoto wa watu wawe askari wao. Tena ishara zilikuwako. Mwaka 1973 walianza kuwalazimisha watu wa vijijini kulima kwa pamoja; mwaka 1974 walipouteka mji wa Oudong waliwafukuza wakaaji wake. Lakini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kila upande huhesabu maovu ya upande mwingine tu. Mtu akisikia habari mbaya za wale anaowapenda, husema ni uongo wa adui.

Wazazi waliwatoa watoto wao wakapigane, na watawala wapya wakajiita baba na mama wa watoto wote. Walijulikana kwa neno Angkar, yaani Shirika. Jamaa walikatazwa kula pamoja nyumbani. Watoto walitengwa na wazazi, wakafundishwa kuwapeleleza na kuwashitaki. Watawa wa Kibudha walivuliwa mavazi yao, Waislamu wa kabila la Cham wakauawa kwa wingi, kanisa kuu la Phnom Penh likabomolewa. Padre Joseph Chhmar Salas, aliyekuwa Ufaransa na angeweza kubaki huko salama, alirudi kwao, akawekwa Askofu tarehe 14 Aprili 1975, siku tatu kabla ya mji kutekwa. Alifukuzwa pamoja na watu wake, akafanya kazi mashambani kama wao, akafa mwaka 1977 kwa njaa na uchovu. Aliwafuata watu wake bila kuuliza nani alishinda vita.

Mahakama iliyoundwa na Kambodia pamoja na Umoja wa Mataifa ilimhukumu Khieu Samphan kifungo cha maisha, na rufani yake ya mwisho ilikataliwa mwaka 2022. Ni haki. Lakini sheria ya mahakama hiyo ilihusu tu maovu yaliyotendwa tangu tarehe 17 Aprili 1975 mpaka tarehe 6 Januari 1979. Mpunga wa Samlaut, mishahara ya askari wasiokuwako, maiti za Mekong na mabomu ya 1973 havikuwamo. Hukumu ya mambo hayo imeachiwa dhamiri za watu.

Wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kuogopa chama cha namna ile asingoje mpaka kishike bunduki. Aanze na bei anayompa mkulima, na mshahara wa askari, na jirani wa kabila jingine anayetukanwa mbele yake huku yeye amenyamaza. Na mzazi amfundishe mwanawe mapema kwamba hakuna chama wala taifa linaloweza kumwamuru amchukie mtu asiye na kosa. Watu wa Phnom Penh waliokuwa wakishangilia asubuhi ile wangetoa kila kitu kurudisha nyuma miaka michache tu. Sisi miaka hiyo bado tunayo.