Kosa la Matamshi

Je, ni haki mwalimu kumkata mwanafunzi maksi kwa sauti isiyoonekana vizuri hata kwenye maandishi? Swali hili hunijia kila nimsikiapo mtu anayejifunza Kifaransa akihangaika na kile ambacho wenyewe hukiita liaison, yaani kuunganisha neno na neno.

Chukua neno les. Ukisema les livres, vitabu, ile s haisikiki kabisa. Likifuatwa na neno linaloanza kwa irabu, mathalani amis, marafiki, s hufufuka ikawa z: "lezami". Zamani s hiyo ilitamkwa. Ikafa mwishoni mwa maneno, ikabaki hai pale tu ilipopata irabu ya kuegemea. Wala si urembo. Ils ont, kwa z, maana yake "wana". Ukitia s umesema ils sont, "wao ni". Na ukiunganisha les héros, mashujaa, masikioni mwa watu wamekuwa sifuri. Hapo mwalimu asahihishe bila kusita, kwa kuwa msikilizaji anapotezwa.

Lakini kuna mahali ambapo kuunganisha ni hiari. Je suis allé, nilikwenda, waweza kuitamka kwa z au bila z, na utaeleweka vilevile. Anayeitia z huonekana msomi, hasa akiwa jukwaani. Atakayeitia mahali isipotakiwa, kwa hamu ya kuonekana msomi, huchekwa. Wafaransa wanalo hata neno la kosa hilo, pataquès. Hapa ndipo ninapogoma. Kumsahihisha mtu ni kazi yetu walimu. Kumpima utu wake kwa z moja ni ubwana tu, hata ukiitwa sarufi.

Tena kosa lenyewe huweza kugeuka. Mababu wa watu wa Shelisheli, wengi wao wakiwa watumwa kutoka Afrika Mashariki na Bukini, walikipata Kifaransa kwa sikio, si kwa kitabu. Nani angewaambia kwamba ile z ya "lezami" si ya neno la pili? Leo, katika Kikrioli chao, rafiki ni zanmi, na ndege, kutoka les oiseaux, ni zwazo. (Nasi tulipopokea kitabu kutoka Kiarabu tuliidhani ki yake ni ya ngeli, tukasema vitabu, na sijamwona mwalimu wa Kiswahili anayelitilia alama nyekundu.)

Mwaka 1982 Kikrioli kiliingizwa katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi huko Shelisheli, na Kifaransa nacho hufundishwa. Basi mtoto yuleyule akisema zanmi katika somo la Kikrioli atapata vema. Akisema un zami katika somo la Kifaransa atapata kosa. Mimi pia ningempa kosa. Ila darasa nisingeliruhusu limcheke.