Korongo wa Ruma na Kutu ya Kahawa: Nani Astahiliye Kuombolezwa?

Swali lililozua makala haya liliulizwa darasani na mwanafunzi wa uzamili, mzaliwa wa Homa Bay: ikiwa uhai ni uhai, mbona korongo tunamwombolezea ilhali kutu ya kahawa tunaiombea kufa? Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, amesalia nchini Kenya katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma pekee, bondeni Lambwe. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu 15 tu. Kutu nayo ni kuvu ikaayo upande wa chini wa jani la mbuni. Hupenya katika vitundu ambavyo jani hupumulia, ikatoa unga wa rangi ya chungwa, na jani likapukutika. Ndiyo iliyoangamiza mashamba ya kahawa ya Sri Lanka katika karne ya 19, na mkulima wa Migori hahitaji kuelezwa habari zake.

Tuanze na sarufi. Korongo "amekufa", kutu "imekauka". Upatanisho umekwisha kutoa hukumu kabla mwanafalsafa hajafungua kinywa. Hata jina "kutu" limeazimwa kutoka chuma kilicholika. Lakini si kweli kwamba lugha huwatunukia ngeli ya A-WA wenye manufaa tu: mbung'o, aliyewaletea watu wa Lambwe malale, anaipata bila ubishi. (Naye, kwa kuwafukuza walimaji, alichangia kumhifadhi korongo.) Kigezo basi si wema, bali mwendo.

Atatokea wa kudai kwamba thamani ya korongo ni uhaba wake. Hoja hii ni dhaifu. Kwingineko barani Afrika wangalipo wengi. Tunacholilia ni upungufu wetu wenyewe. Na kutu ikiadimika kesho, nani atakayeilindia ua?

Sisemi kutu ihurumiwe. Karo ya mtoto imo katika mibuni ile, na ningekuwa na shamba ningenyunyiza dawa. Ninachokataa ni kuyaita mapenzi yetu sheria ya maumbile, jambo ambalo uhakiki wetu umelifanya kwa wepesi mno.

Mwanafunzi yule aliandika insha yake akiipa kutu kiambishi a-. Ukurasa wa kwanza nilisahihisha kwa wino mwekundu. Wa pili nikauacha.