Dhana Njema Haiondoi Daftari

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Katika darsa yetu ya baada ya Isha, kijana mmoja aliniuliza suali ambalo nililijibu kwa haraka, kisha nikarudi nyumbani na jawabu langu likinisuta. Aliuliza hivi: "Sheikh, mtu akiwakusanya watu wa mtaa wake wakachanga mali, wakafungua biashara ya kuwafaa, naye akawa ndiye mkubwa wao, yatupasa tumuamini au yatupasa tumhesabu?" Nikamwambia: "Muislamu humdhania nduguye kheri." Hayo ni kweli, lakini si kweli yote.

Nami nilikuwa na sababu ya kulijua hilo. Miaka kadhaa iliyopita, watu wa mtaa mmoja katika mji wetu walichanga fedha wakafungua duka la unga, mchele na mafuta, ili mnyonge anunue kwa bei ya haki. Niliitwa kuwaombea dua siku ya kulifungua. Wamama wanaouza mahamri na mbaazi walitia humo akiba zao. Baada ya mwaka, mmoja wao alinijia akasema: "Sheikh wangu, twataka tusomewe hesabu, lakini kila tukiuliza twaambiwa twamshuku mshika fedha." Nikamjibu: "Mama yangu, subirini. Dhana mbaya ni dhambi." Hakuuliza tena.

Duka likafungwa, na hapana aliyejua mali imekwenda wapi. Huenda iliibwa, na huenda ilipotea kwa mikopo isiyolipwa. Hapakuwa na daftari la kumtia mtu hatiani, wala hapakuwa na daftari la kumtakasa. Yule mama hakurudishiwa chake. Na yule mshika fedha hata leo watu wamwita mwizi nyuma ya mgongo wake, naye labda hana kosa. Wote wawili walidhulumiwa, na mimi ni mmoja katika waliowadhulumu.

Basi nimekuwa nikitafuta mifano ya watu waliochanga mali zao wasiangamizane, na mmoja nimeupata mbali, katika mji wa Detroit, Marekani. Mwaka 1950, viwanda vya magari viliposhamiri, mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Kazi zikapungua, wenye uwezo wakahama, na hesabu ya mwaka 2020 ikawakuta kiasi cha 639,000 tu, wengi wao ni watu weusi. Maduka makubwa ya vyakula nayo yakauhama mji, na katika mitaa mingi ikawa ni taabu kupata mboga na matunda mazuri.

Mwaka 2006 watu weusi wa mji huo waliunda jumuiya ya kujitafutia chakula wenyewe. Mmoja wa waasisi wake ni Malik Yakini, aliyekuwa mwalimu mkuu wa skuli. Walianza na jembe: wakalima shamba waliloliita D-Town, ambalo limefika ekari 7, ndani ya bustani ya Rouge. Wakaunda chama cha kununua vyakula kwa pamoja, wakakiita Ujamaa. Neno hilo ni letu. Mwalimu Nyerere aliifanya kuwa jina la siasa yake mwaka 1962, na tangu mwaka 1966 watu weusi wengi wa Marekani hulitaja katika sikukuu yao ya Kwanzaa, kwa maana ya kusaidiana katika biashara na mali.

Kisha wakataka duka lililo lao. Hisa ilikuwa dola 200, na kila mwenye hisa ana kura moja. Mwenye mali nyingi hakupewa kura mbili. Wenye hisa ndio wanaoichagua halmashauri ya kulisimamia duka. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka kumi, na duka likafunguliwa mwezi wa Mei mwaka 2024, likiwa na wenyewe zaidi ya 2,000. Kufungua duka si mwisho wa mtihani. Kuliendesha ni mtihani mwingine. Lakini msingi wao wafaa kutazamwa: kiongozi alitangulia, na waliomfuata wakabaki kuwa wenye mali, si watu wa kupiga makofi.

Huenda mtu akasema: "Jumuiya hiyo si ya Kiislamu, kwa nini watutolea mfano wao?" Nasema: Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria kabla ya utume mapatano ya Hilful-Fudhul, nyumbani kwa Abdallah bin Judaan, ambapo Makureshi waliapa kumsaidia aliyedhulumiwa, na baada ya utume aliyasifu. Jambo la haki halikataliwi kwa sababu ya mkono uliolitenda. Na mwingine akisema kwamba kujikusanya kwa rangi ni asabiya, ajue kuwa asabiya iliyokatazwa ni kuwasaidia watu wako katika dhulma. Kuwalisha watu wako si dhulma.

Sasa turudi kwenye dini yetu, kwani sisi tuna dalili zilizo kubwa kuliko Detroit. Aya iliyo ndefu kabisa katika Kurani, iliyomo katika Suratul-Baqara, yahusu nini? Yahusu kuandika deni. Nayo haikuteremshiwa wezi. Wanaoambiwa humo ni walioamini. Mwenyezi Mungu aliwaamrisha waumini waandike na washuhudishe, hata jambo likiwa dogo. Lau dhana njema ingelitosha, aya hiyo isingelikuwa na haja.

Na Ibnul-Lutbiyya alipotumwa kukusanya zaka, akarudi akisema kuwa hii ni yenu na hii nimepewa zawadi, Mtume (S.A.W.) alimhesabu, kisha akapanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu.

Tena iko khabari ya Bibi Safiyya. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitembea naye usiku, wakapita watu wawili wa Ansari wakaharakisha mwendo. Akawaita akawajulisha kuwa huyo ni Safiyya, mkewe, asije shetani akawatia jambo nyoyoni. Ndugu zangu, zingatieni hapa. Yeye, ambaye hapana Muislamu wa kumshuku, alijiondolea shaka kabla ya kuulizwa. Basi ni nani mshika fedha wa mtaani hata akaudhika kuulizwa daftari?

Watu husema: "Katika madhhabu yetu ya Imam Shafi, mshirika ni amini, kauli yake hukubaliwa." Ni kweli, mali ikipotea bila ya uzembe wake, kauli yake hukubaliwa kwa kiapo. Lakini kuwa amini maana yake ni kuwa mali aliyonayo ni ya watu, wala si kuwa haulizwi.

Nisifahamike kuwa nawavunja moyo wenye kutangulia. Imam Ghazali amezitaja kazi kama ukulima na ufumaji katika fardhi kifaya. Wakiziacha watu wote, wote hupata dhambi. Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake, watu wakanywa bila ya kulipa. Twawahitaji sana vijana wetu wanaofungua karakana, wanaonunua mashua kwa ushirika, na wanawake wanaoongoza vyama vya akiba. Nami nataka wadumu. Kwani mwema asiye na daftari huangushwa na uvumi wa siku moja, na wema wake wote ukasahauliwa.

Basi penye mali ya watu, na tufanye haya. Fedha zishikwe na mmoja na daftari liandikwe na mwingine. Zilizotumwa kwa simu ziandikwe kama zilizotolewa mkononi. Hesabu isomwe kwa sauti kila miezi mitatu, na mwenye hisa ndogo awe na haki ya kuuliza sawa na mwenye hisa kubwa. Na sheikh akiitwa kuomba dua, aulize kwanza daftari liko wapi. Dua yetu isiwe pazia la kufunika sanduku.

Nilikwenda kwa yule mama kumtaka radhi. Akanisamehe, Mungu amlipe kheri, kisha akasema: "Sheikh, mimi sikumshuku mtu. Nilitaka kujua tu." Maneno hayo ndiyo jawabu la kijana wetu, nalo ni bora kuliko langu: mwamini mkubwa wenu, na mumhesabu, kumhesabu si kumshuku.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa amana, na atusamehe tuliyoyanyamazia. Wabillahi tawfiq.