Subira si kumnyima mgonjwa dawa ya maumivu

KATIKA jamii yetu, mgonjwa wa saratani akifikia hatua ambayo madaktari wanasema ugonjwa hauponi tena, maneno mawili husikika sana kitandani kwake. La kwanza: mwambieni asubiri, maumivu yanafuta dhambi. La pili: hiyo dawa ya mofini msimpe, ni dawa ya kumsindikiza. Wanaosema hivyo wana nia njema, na hilo la kwanza lina asili katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Lakini je, Uislamu unataka mgonjwa aachwe na maumivu yake ilhali dawa ya kuyapunguza ipo?

Kwanza tuelewe tiba shufaa ni kitu gani. Ni huduma anayopewa mwenye maradhi mazito ili apunguziwe maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, vidonda na hofu. Hutolewa kwa ushirikiano wa daktari, muuguzi, mfamasia, ofisa ustawi wa jamii na kiongozi wa dini. Hapa Dar es Salaam hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Shirika la Afya Duniani linaelekeza ianze mapema, sambamba na matibabu ya ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo, anayeiita kukata tamaa na rehema ya Allah hajaielewa.

Sasa tuitazame Sunna. Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) habari ya mwanamke aliyekuwa na kifafa. Alimwendea Mtume (s.a.w.) amwombee dua. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Masheikh wengi tunapowahimiza wagonjwa huishia hapo. Lakini mama yule aliongeza ombi. Alisema anapoanguka nguo humfunuka, basi aombewe asifunuke. Mtume akamwombea.

Ndugu msomaji, hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, subira ile ilikuwa hiari ya mgonjwa mwenyewe. Hakuchaguliwa na kaka yake, wala jirani, wala imamu. Mtu mwenye afya anayemchagulia mwenzake maumivu hajasubiri chochote, kwani si yeye anayekesha usiku akigugumia. La pili, maradhi yalibaki, lakini dhiki na fedheha iliyofuatana nayo aliombewa imwondokee. Kazi ya tiba shufaa ni hiyo hiyo.

Tunao mfano mwingine. Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema msikitini ili amzuru kwa karibu. Vitabu vya sira vinamtaja Bibi Rufaida (r.a.) kuwa ndiye aliyewauguza majeruhi. Saad hakupona, lakini hakuachwa peke yake. Na Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza mgonjwa apikiwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema unautuliza moyo wa mgonjwa. Kutuliza tu, hata pasipo kuponya, kuna nafasi katika dini yetu.

Wapo watakaosema mofini ni kilevi. Ni kweli kwamba ni dawa kali, inayodhibitiwa kisheria. Lakini yenye kutolewa kwa kipimo na mtaalamu, kwa maumivu yasiyotulizwa na dawa nyepesi, si sawa na ulevi wa kujifurahisha. Dharura ina hukumu yake, kama tunavyosoma katika Suratul An'aam, aya ya 119. Kusinzia kwa siku za mwanzo hutokea, na kufunga choo pia, na vyote vina namna ya kushughulikiwa. Maumivu makali nayo humnyima mtu hata utulivu wa kuswali akiwa amelala.

Mpaka hata hivyo upo, na tuuseme wazi. Kuzidisha dawa kwa makusudi ili mgonjwa afe ni kuua, hata akiomba mwenyewe. Kumpa kipimo sahihi ili apumue na alale ni tiba. Matendo huhukumiwa kwa nia, na hapa hata kipimo kinaishuhudia nia. Vilevile, mgonjwa anayetaka apunguziwe dawa ili akili yake iwe wazi kwa dhikri na wasia, asikilizwe. Hiari aliyopewa yule mama ni yake pia.

Lililobaki ni letu sisi. Nchini Uganda, tangu mwaka 2004 kanuni zinawaruhusu wauguzi waliosomea fani hii kuandika mofini, ili mgonjwa wa kijijini asikose kwa kukosa daktari. Hapa Tanzania, wenzetu wa KKKT wameingiza tiba shufaa katika hospitali zao. Sisi misikiti yetu mingi ina sanda na jeneza tayari, na akifa mtu tunajaa. Je, ni mingapi yenye mfuko wa nauli ya kumpeleka mgonjwa kliniki? Ni maimamu wangapi wanaojulikana na wauguzi wa hospitali iliyo jirani, ili waitwe Muislamu anapohitaji nasaha?

Kumzika Muislamu ni haki yake juu yetu. Kumzuru akiwa mgonjwa ni haki yake pia, na hiyo hutangulia. Kamati za misikiti zianzie hapo.

Wabillahi tawfiq.