Mamlaka Yasiyoambiwa Hapana

Buhaya, kuanzia Kiziba kaskazini hadi Kimwani kusini mwa Muleba, mtu hujua atazikwa wapi kabla hajajua atakufa lini. Atalazwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba aliyoachiwa na baba yake. Asichokijua ni kama atazikwa kikanisa. Msiba ukitokea, mwenyekiti wa jumuiya ataulizwa kama marehemu alikuwa akihudhuria sala za nyumba kwa nyumba, daftari la zaka litafunguliwa, na paroko au mchungaji ndiye atakayekata shauri. Watu wamekaa chini ya turubai, maiti iko ndani, na mjane anasubiri kuambiwa kama mumewe ana deni.

Naona asili ya mamlaka ya kanisa ndani ya kusubiri huko zaidi kuliko ninavyoiona katika kashfa zinazotangazwa redioni. Mkuu wa wilaya anaweza kukuweka ndani saa 48. Tajiri anaweza kukunyima kazi. Kiongozi wa dini hana polisi wala mshahara wa kukupa, lakini anaweza kukufanya uamini kwamba ukimkatalia yeye umemkatalia Mungu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba tatizo letu ni wachungaji wachache wenye tamaa. Tamaa ipo kila mahali penye binadamu. Madaraka huanza kuharibika mapema zaidi, siku muumini anapokosa njia ya kusema hapana bila kumpoteza Mungu, na majirani, na maziko yake.

Historia yetu wenyewe inalieleza jambo hili vizuri. Abakama, yaani watawala, wa Kianja, wa Ihangiro na wa Kimwani walipigiwa magoti, wakaletewa pombe na mazao, wakagawa ardhi. Hata hivyo mtawala mkali alikuwa na hofu moja: watu wake wangeweza kuhama. Ng'ambo ya mpaka alikuwepo mkama mwingine aliyehitaji watu. Wajerumani walipoanzisha kituo Bukoba mwaka 1890, nguvu zikahamia kwa mtawala aliyewapendeza. Kahigi wa Kianja akaongezewa maeneo, na mkama aliyelindwa na bunduki za boma hakuwa tena na sababu ya kuwaogopa watu wake. Nyarubanja, mfumo wa bwana na wapangaji wa ardhi, ikaenea. Wakulima waliokuwa na vibanja vyao wakajikuta watwarwa, yaani wapangaji, wa bwana mwenye ardhi, wakilipa na kutumikia mahali walipozaliwa wakiwa huru. Mfumo huo ulifutwa na sheria ya mwaka 1965, baada ya uhuru. Siamini kwamba mabwana wale walizaliwa wabaya kuliko babu zao. Walichopata ni watu wasioweza kuondoka.

Na kanisa lilipokuja, lilikuja kama njia ya kuondoka. Tusilisahau hilo tunapolilaumu. Mapadri Weupe walifika Kashozi mwaka 1892. Upande wa Waprotestanti, Wahaya wenyewe walishaanza kusoma vitabu vilivyotoka Uganda kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910. Wanawake walikimbilia misheni kukwepa ndoa wasizozitaka. Mtoto wa mtwarwa aliketi darasani na mtoto wa mkama. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa, mtoto wa nchi hii, akawa kardinali wa kwanza Mwafrika, mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapata bendera yake. Na UKIMWI ulipotambuliwa Kagera mwaka 1983 na kuanza kumaliza nyumba nzima nzima, hospitali za Ndolage na Rubya, zote za makanisa, zilibeba wagonjwa ambao hata ndugu zao waliogopa kuwashika. Imani tuliyowapa viongozi wetu wa dini haikuibwa. Ililipiwa kwa kazi, na ndiyo maana ikitumiwa vibaya inauma kuliko rushwa ya ofisini.

Sasa sikiliza maneno yanayotumika kuzuia swali. Muumini akiuliza mapato na matumizi ya mnada wa Jumapili, ule wa mikungu ya ndizi na kuku na mayai baada ya ibada, ataambiwa asimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Maneno hayo hutegemea kisa cha Daudi na Sauli, nami huwa nashangaa jinsi kisa chenyewe kinavyosomwa nusu. Daudi alimkuta mfalme pangoni Engedi, akaweza kumuua, akakata tu pindo la vazi lake. Mahubiri huishia hapo. Lakini Daudi alitoka pangoni, akapaza sauti kumwita mfalme, akainama mpaka chini, kisha akasema waziwazi, akionyesha kile kipande cha nguo mkononi. Alimwambia Sauli kwamba anamwinda mtu asiye na kosa, akamwita Mungu awe mwamuzi kati yao. Mkono ulijizuia, mdomo haukujizuia. Heshima na shutuma zilitoka kwa mtu mmoja, saa moja, na Sauli alilia. Anayetumia kisa hiki kumnyamazisha mkulima wa kahawa anamnyang'anya kile hasa ambacho Daudi alikuwa nacho.

Mwisho wa njia ya ukimya tumeuona jirani. Kanungu iko ng'ambo ya mpaka, kusini magharibi mwa Uganda, kwa watu ambao lugha yao na Kihaya husikilizana. Kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu liliongozwa na Joseph Kibweteere, Credonia Mwerinde na padri msomi aliyetengwa na kanisa lake, Dominic Kataribabo. Wafuasi waliuza mali zao na kuwakabidhi viongozi. Walikatazwa kuzungumza, isipokuwa katika sala. Mambo ya kila siku waliyaeleza kwa ishara za mikono. Dunia iliyotabiriwa kuisha tarehe 31 Desemba 1999 haikuisha, na tarehe 17 Machi 2000 mamia walikufa kwa moto ndani ya jengo lao la ibada. Mwaka 2023 ikaja Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini ilifukuliwa msituni. Waandishi wengi waliuliza watu wale waliaminije. Mimi nauliza walinyamazishwaje, kwa hatua zipi, na hatua ya kwanza ilionekana ndogo kiasi gani.

Maana hatua ya kwanza huwa ndogo. Msichana wa kwaya anapata mimba. Anatengwa, anakaa benchi la nyuma, haruhusiwi kuikaribia Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika. Ikiwa aliyempa mimba ni mtumishi, mara nyingi mtumishi anahamishwa. Anapokelewa kwa ngoma na vigelegele katika mtaa mwingine ambako hakuna anayejua, na wazee wa kanisa wanasema wamelimaliza kwa busara. Adhabu ile ile iliyobuniwa kulinda utakatifu wa kundi imeangukia upande usio na nguvu peke yake. Msichana angeweza kushtaki? Kwa nani? Mkuu wa mtumishi ndiye aliyemhamisha, na mama yake msichana bado anahitaji barua ya usharika ili mdogo wa msichana huyo apewe kipaimara.

Wapo watakaosema kanisa si chama cha siasa, na kwamba utii ni fadhila. Nakubali ni fadhila. Ndiyo maana naudai kwa ukali zaidi kuliko wao. Anayetii huku akiweza kukataa ametoa kitu chake. Asiyeweza kukataa hajatoa chochote, amechukuliwa. Mtwarwa wa nyarubanja alifika shambani kwa bwana wake kila msimu, na hakuna aliyeuita ufikaji huo upendo. Kiongozi anayefunga njia zote za kukataliwa, hata akiwa mcha Mungu kwa dhati, ameliondolea kundi lake uwezo wa kumpa Mungu utii wenyewe anaouhubiri.

Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kuingia Bukoba, uliwahi kujaribu dawa. Walokole waliungama mbele ya wenzao, na mchungaji aliungama kama mkulima. Askofu Josiah Kibira, aliyeiongoza Dayosisi ya Kaskazini Magharibi tangu 1964 na kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mmoja wa watu wa uamsho huo. Kwa muda, mwenye joho na asiye nalo walisimama kwenye nuru moja. Kisha baadhi ya ndugu wakaanza kupima wokovu wa wengine, na walioleta uhuru wakawa walinzi wa lango. Dawa yoyote inayotegemea unyofu wa moyo peke yake hupitiwa na wakati.

Samweli alipozeeka alijua hivyo. Alisimama mbele ya Israeli yote akauliza amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemdhulumu nani, amepokea rushwa kwa nani. Watu wakajibu: hakuna. Thamani ya jibu lile inatokana na kwamba wangeweza kujibu vingine, naye aliahidi kurudisha. Katika mikutano yetu mikuu swali kama hilo, likiulizwa, huwekwa kwenye mengineyo, jioni, watu wakishaanza kutazama mvua na magari ya kurudia Kamachumu na Nshamba. Liwekwe asubuhi. Hesabu zisomwe na mtu ambaye mchungaji hakumchagua, deni la zaka lisifike msibani, na shauri la yule msichana lisikilizwe na baraza lenye wanawake ambao askofu hawezi kuwahamisha.